Kitambaa Kilichokataa Kuoza

Shamba yangu iko kwa mteremko, huku chini ya Gachoka, na imekonda. Watu husema ng'ombe imekonda, mbwa imekonda. Mimi nimeona shamba ikikonda mpaka mbavu zikatokea. Ukipiga jembe inalia kama umegonga sahani. Kuna msimu nilipanda mahindi yakaota mafupi hivi, kuku alikuwa anasimama juu ya mbelewele kuangalia nani anapita kwa barabara. Sungura alikuja kuiba, akazunguka, akaona huruma, akaenda zake. Karibu aniachie kitu.

Mimi ni mtu wa kucheka, hata sokoni wanajua. Nikifika mahali watu wananisogezea kiti. Lakini kuna uchovu ya kulala ukaamka imeisha, na kuna ingine unalala nayo, unaamka nayo, inakuuliza leo tunaenda wapi. Hiyo ya pili ndiyo nilikuwa nayo. Nilikuwa nachekesha watu sokoni nikiwa nimeegemea ukuta, wanadhani ni maringo, kumbe ukuta ndio ulikuwa umenishika.

Bibi yangu alikuwa amechoka kunishinda, lakini yeye hachezi na maneno. Mvua ya Aprili ikikaribia akaniambia, "Baba watoto, tumepanda mawe ya kutosha. Tutajaribu hii mvua, na ile ya Novemba. Ya Novemba ikipita bila kitu, mimi naenda Embu."

Msichana wetu anaishi Embu mjini, ako na kibanda ya mboga, na alikuwa ameona chumba karibu na yake. Chumba moja. Nilikuwa nimeenda kuiona. Jirani akimeza mate upande ule, wewe upande huu unamwambia pole. Embu ni mji mzuri, sina ubaya nayo, lakini mzee kama mimi mle ndani nitafanya nini? Nitakaa kwa mlango nihesabu pikipiki mpaka nife.

"Na mimi?" nikauliza.

"Utakuja, ama utabaki kulinda mawe. Ni wewe."

Sasa nikwambie mchanga yangu ilienda wapi, kwa sababu haikupotea. Naiona kila siku. Mimi nilioa karibu. Wanaume wengine walienda mbali kutafuta bibi, mimi nilishuka tu mteremko. Shamba iliyo chini yangu ni ya mama ya bibi yangu. Mvua ikinyesha kwangu, maji inabeba mchanga, inateremka nayo mpaka kwake. Yeye alipanda laini ya mkonge hapo kwa mpaka, akaweka mawe katikati, mchanga ikifika inakwama. Wenzangu walilipa mahari na mbuzi wakamaliza. Mimi nililipa na mbuzi, halafu nikaendelea kulipa na shamba. Kunde zake zina majani ya kujifunika mvua. Ndengu zake zikipasuka wakati wa jua unadhani ni vita.

Na siwezi kumwambia kitu. Kwetu mama ya bibi yako ni muthoni, na muthoni ni heshima ya kuogopa. Vijana wa siku hizi wanakula na muthoni sahani moja, wanapiga picha naye nje ya kanisa. Sisi wa zamani, nikikutana naye kwa njia, mimi naingia kwa kichaka upande huu, yeye anaangalia upande ule mpaka tumepitana. Nimeingia kwa kichaka miaka mingi sana. Miiba inanijua, zingine zinasalimia.

Basi kabla tu ya hiyo mvua ya Aprili, akaja msichana kwa boda boda, amebeba gunia mapajani. Nikadhani anauza mitumba. Kumbe ni mtu wa Meru, kule juu kwa majani chai, na amesoma mambo ya kuchora mpaka akamaliza. Yeye Kimeru, sisi Kimbeere, tukakutana kwa Kiswahili.

"Mzee," akasema, "naomba kuzika kitambaa kwa shamba yako."

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Basi kitambaa ndiyo imekufa?"

Akacheka, nikampenda hapo hapo. Akafungua gunia, nikaona vitambaa nyeupe, vya pamba, vimeshonwa pindo vizuri na uzi ya nailoni. Akaniambia yeye ni msanii, na siku hizi hachori na rangi ya dukani. Kuna wenzake wanachora na mchanga ya mashamba tofauti tofauti, nyekundu ya Meru, ya kijivu ya huku kwetu. Yeye anazika vitambaa, halafu mchanga yenyewe inachora.

"Na ikikataa kuchora?"

"Hata hiyo ni picha," akasema. "Nataka watu waone mchanga ni kitu inaishi. Wakisema mchanga wanafikiria uchafu wa kuosha miguu."

Nikamwambia azike, lakini asiweke msalaba, watu wataongea. Tukachimba. Yangu tukazika katikati ya shamba, mahali nilikuwa nimefagia vizuri. Mimi nafagia shamba kama watu wengine wanavyofagia mbele ya nyumba. Hauwezi kupata jani. Mabua yote napelekea mbuzi, takataka nachoma. Wapita njia walikuwa wanasema, huyo mzee ni msafi.

Halafu akauliza kama jirani wa chini atakubali ya pili izikwe kwake. Nikampeleka mpaka kwa mkonge. Mama mkwe alikuwa analima. Mimi nikasimama nikimpa mgongo, nikaangalia mlima kama mtu anangoja ndege.

"Cucu, hujambo," msichana akasema, kwa ile heshima ya kusalimia nyanya.

"Sijambo, mtoto wangu. Huyo amesimama kama nguzo ya stima anataka nini?"

Msichana akanigeukia. "Anauliza unataka nini."

"Mwambie nimekuonyesha njia."

"Amesema amenionyesha njia."

"Njia aliijua lini? Mimi humwona kwa miiba tu."

Msichana akaniangalia, hajui kama hiyo pia aniletee. Nikamwambia hiyo imefika. Akaeleza habari ya kitambaa, mama mkwe akamwacha azike karibu na mkonge, akamwonya kama italeta panya atamtafuta mpaka Meru.

Mvua ilikuja, ikanyesha vile huwa, yote siku moja kama imeitwa kwingine. Mahindi yangu yakatoka, yakaangalia, yakalala chini. Bibi alianza kuuliza kwa simu kama hicho chumba cha Embu kina dirisha.

Jua ikashika, msichana akarudi kufukua. Watu wakaja kuona, majirani, watu wa muguka, yale majani ya kutafuna, waliacha kuchuna, hata wale hawakuwa wamealikwa walikuja mbele ya walioalikwa. Tukaanza na yangu. Nikachimba mwenyewe. Na jembe ikafika, na kitambaa ikatoka.

Ilikuwa nzima. Imeshika rangi kidogo ya mchanga, lakini nzima kabisa, hata kona zote. Nikaikung'uta, nikajifunga shingoni kama mtu anaenda harusi.

"Mmeona?" nikaambia watu. "Shamba yangu haiibi. Ukiipatia kitu inakuwekea. Mwenye ako na nguo ya harusi alete, nitamzikia."

Watu walicheka, na mimi nikaona mbona siku imekuwa nzuri hivi. Tukateremka kwa mama mkwe. Nikasimama na mgongo wangu, lakini shingo nikaipinda kidogo. Msichana akachimba, akatafuta na mikono, akatoa pindo. Pindo peke yake, ule uzi ya nailoni na vipande vidogo vimeshikilia kama meno ya mzee. Katikati hakuna kitu.

Nikafurahi, siwezi kudanganya. Miaka yote hiyo ndiyo mara ya kwanza nimeshinda mama mkwe kwa kitu. Nikamwambia jirani kwa sauti ya kusikika, "Kwangu hakuna wezi."

Lakini nikaona msichana. Ile pindo alikuwa ameishika na mikono mbili, anatabasamu, kama mtu amepewa mtoto ambebe. Halafu akaangalia shingo yangu, na akaniangalia vile watu huangalia mgonjwa wakisema utapona.

"Mzee," akasema pole pole, "hii ni pamba. Ni chakula. Kuna minyoo, kuna wadudu, kuna vitu vingine vidogo hauwezi kuona na macho. Hivyo ndivyo hula kitambaa, na hivyo hivyo ndivyo hutengeneza chakula ya mahindi. Kwa cucu walikula wakamaliza. Kwako hakuna mtu alikuja mezani."

"Hata mchwa?"

"Hata mchwa."

Sasa mtu hajui Gachoka hawezi kuelewa. Huku mchwa hula mlango, hula Biblia na jalada, ukisimama ukiongea sana wanaanza kiatu ukiwa ndani. Ati mchwa wamepita kwangu wakaona hakuna maisha, wakahama na watoto wao. Nikatafuta kitu ya kuchekesha watu. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Ikakosekana.

Bibi yangu akaja akanitoa kile kitambaa shingoni, akaikunja mara nne, akaipatia msichana mkononi. "Ukimaliza kuonyesha watu, niletee," akamwambia. "Itatufunikia chakula huko Embu."

Msichana alilala kwetu. Asubuhi nikamwambia aende aniulizie mama mkwe kama anaweza kunirudishia mchanga yangu. Akaniangalia. Akasema, "Mzee, ni mingi." Nikamwambia aende tu. Tukaenda hadi mkonge, nikatoa mgongo.

Jibu likaja. "Mwambie mchanga ilikuja yenyewe, sikutuma mtu. Mimi nisingepanda huu mkonge ingekuwa imeingia mtoni, saa hii iko kwa bwawa la stima inasumbua samaki. Lakini kama anaitaka, achukue. Achukue na mgongo wake. Sitaki trekta kwa kunde zangu."

Nikachukua. Gunia mgongoni, kamba kwa kipaji cha uso kama vile mama zetu hubeba kuni, na mteremko ambao sasa ulikuwa mlima. Nilijaza, nikapanda, nikamwaga, nikashuka. Magoti yalikuwa yanalia kama lango la shule. Siku ya kwanza niliimba. Siku zilizofuata nilipumua tu. Msichana alikuwa na kamera yake, ananifuata. Mama mkwe alikuwa anakaa kwa kivuli ya ghala akipepeta ndengu, uso ameugeuza kabisa, na nina hakika hakuna hatua moja hakuiona.

Mwishowe nikaangalia rundo yangu. Kwa macho ya mtu amebeba ilikuwa Mlima Kenya, hata theluji niliiona. Kwa macho ya mtu mwingine ilikuwa mbuzi amelala. Bibi akaja, akapiga magoti, akaitandaza na kiganja. Ikashika sehemu ndogo tu, nyembamba, kama siagi ya mtu mchoyo kwa mkate. Pembeni shamba yote ilikuwa inangoja na mdomo wazi.

Nikakaa chini. Nilidhani ninarudisha shamba. Kumbe ile kamera ilikuwa inaonyesha vile hairudi. Msichana akaizima, akakaa kando yangu, hakuniambia pole, na kwa hiyo nilimshukuru.

Kutoka chini sauti ikapanda. "Mtoto wangu, muulize huyo, kati ya mchanga na jembe, nyepesi ni gani?"

"Anauliza..."

"Jembe," nikasema.

"Anasema jembe."

"Basi si alete jembe huku. Hiki kipande cha karibu na mkonge mgongo wangu umekataa. Alime yeye."

Hapo ndipo niliona afadhali ningebeba Mlima Kenya wenyewe. Mwanaume kwenda kulima kwa wazazi wa bibi, huku kwetu hiyo ni kusema umeolewa. Watakuuliza sokoni kama ulilipiwa mahari ngapi, na kama unapika vizuri.

"Mwambie asante," nikasema. "Lakini mimi niko na shamba."

Msichana akapeleka. Jibu halikuchelewa. "Hiyo amekalia? Mimi nilidhani ni barabara."

Ikapita muda, msichana akatualika Meru mjini, vitu vyake vilikuwa vinaonyeshwa kwa holi, pamoja na vya wenzake. Bibi akavaa ile nguo ya kanisa. Mimi nikavaa koti ambalo mchwa walikuwa wamelikula mkono mmoja, hiyo ni ile ya zamani wakati bado walikuwa wanatutembelea. Nje tuktuk zilikuwa zinapiga kelele kama kuku wameona mwewe, lakini ndani palikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mmoja wao alikuwa amechora ukuta mzima na mchanga peke yake, nyekundu, kahawia, nyeupe, kijivu, na kila rangi imetoka shamba ya mtu. Mwingine alikuwa ameweka sanduku la mchanga ya msituni na bomba ndani, unaweka sikio, unasikia kitu inatembea, inakwaruza, inatafuna. Nikasikiliza mpaka watu wakapanga laini nyuma yangu. Sijawahi kusikia shamba ikiwa na kazi nyingi hivyo.

Vitambaa vilikuwa mwisho, vimeanikwa kwa waya, taa nyuma. Ya kwanza ilitoka kwa majani chai ya mama yake msichana, imetobolewa kila mahali, nzuri kama kitambaa cha kiti cha maharusi. Ya mama mkwe ilikuwa ile pindo, imening'inia kama fremu ya dirisha bila dirisha. Halafu yangu. Nzima.

Watu waliovaa vizuri wakafika hapo. Mama mmoja mwenye miwani akauliza msichana, "Hii ndiyo ya kabla ya kuzikwa, ya kulinganisha?"

"Hapana," msichana akasema. "Hii ilikaa chini muda sawa na hizo zingine."

Yule mama akatoa miwani, akaipangusa, akavaa tena. Mzee mmoja akasema, "Pole kwa mwenyewe," na akainamisha kichwa kidogo kama kwa matanga. Mimi nilikuwa nyuma yao na koti yangu ya mkono moja.

Bibi akaninong'onezea, "Tulia. Hakuna mtu anajua ni wewe."

"Mimi najua," nikamwambia.

Kwa ukuta mwingine walikuwa wanaonyesha ile filamu. Mimi, mkubwa kushinda nyumba, na gunia, napanda. Hakuna sauti. Napanda tu, halafu namwaga, halafu nashuka. Sijawahi kujiona kutoka nyuma. Kijana mmoja aliyesimama kando yangu akasema, "Huyu buda ako na nguvu."

"Hapana," nikamwambia. "Amechoka. Namjua."

Tukatoka nje tukanunua chai kwa kibanda. Bibi akakoroga yake muda mrefu, na hakuwa ameweka sukari. Halafu akauliza, "Ni Embu, ama ni kwa mkonge?"

"Watu watasema nimeolewa."

"Si nimekuoa mimi miaka yote hii. Nani amewahi kusema kitu?"

Nikacheka. Ilikuwa kicheko cha mtu amebeba kitu mbali, akapata mahali pa kuiweka. Nikamwambia apigie msichana wetu simu, hicho chumba wampe mwingine, sisi tujaribu hii Novemba upande wa chini.

Nilishuka na jembe mchana, kwa njia ya watu, nikiwa nasalimia kila mtu. Afadhali wakuone wacheke wamalize. Sokoni wakaniita bibi harusi wiki nzima, nikawaambia zawadi wapeleke kwa bwana. Kile kipande nikalima kutoka kona moja, mama mkwe akilima yake kutoka kona ya mbali, tukapeana migongo, kila mtu na heshima yake. Huku juu nimeacha kufagia. Mabua yamelala pale yalipoangukia, mbolea ya mbuzi napeleka, napanga mawe laini laini kama zake. Msichana wa vitambaa alisema itachukua miaka, nikamwambia asiniambie ngapi. Siku hizi wapita njia wanasema, huyo mzee amekuwa mchafu.

Mvua ya Novemba ilianza pole pole, ikaotesha kunde, halafu alasiri moja ikaja ile ya kupiga mabati kama watu wanadai kitu. Nikakimbia chini kwa mkonge. Maji ikatoka kwangu juu, ya kijivu, imebeba kile kidogo kilikuwa kimebaki, na mara hii ikanikuta mimi mwenyewe nimesimama pale. Nikapiga magoti kwa tope nikaanza kuziba na mawe. Mwisho ule mwingine wa laini, mama mkwe alikuwa anaziba wake, gunia kichwani, ameangalia upande ule. Kunde zilikuwa zimeshaota, majani mawili mawili, zinatetemeka.

Bibi akaita kutoka juu kwamba chai imeiva, nije kabla sijashikwa na homa.

Nikamwambia aifunike. Hapa bado kulikuwa na mahali panavuja.